Barua ni nusu ya kuonana: jibu kwa dada aliyekwama barua ya 19

"Shikamoo mwalimu. Naandika riwaya ya barua na michoro nachora mwenyewe kwa rangi za maji. Fundi saa mmoja mpweke anaanza kupokea postikadi kutoka kwa mwanamke asiyemjua, na huyo mwanamke anajua vitu ambavyo fundi hajawahi kumwambia mtu, polepole wanapendana. Nimefika barua ya 19 nimekwama. Nimewapa watu wanne wasome, wawili wamesema wamechoka kusubiri kujua huyu mwanamke ni nani, mmoja amesema michoro ni mizuri ila anairuka, wa nne kaniambia hii si ni Griffin na Sabine tu. Ukweli ni kwamba hata mimi sijui bado ni nani, nilidhani nitajua nikifika mbele. Nilitaka kila barua iwe kwenye bahasha yake halisi imebandikwa kitabuni, msomaji aitoe kwa mkono wake. Na kuna jambo naona aibu kulisema, baadhi ya maneno ya mapenzi nimeyatoa kwenye barua ambazo kweli niliandikiwa na mtu miaka mingi iliyopita. Niendelee au niifunge kabatini?"

Marahaba dada yangu. Usiifunge kabatini, ila usiandike barua ya 20 kwanza. Nashukuru kwa kurasa ulizonitumia, nimezisoma zote, barua ya 7 nimeirudia mara nyingi na nitakwambia kwa nini.

Umeniuliza uendelee au uache, lakini nikikusikiliza vizuri naona kinachokunyima usingizi ni kwamba umemuahidi msomaji siri ambayo mwenyewe huna, na sasa kaja kudai. Ni deni hilo. Na mtu akidaiwa kitu asichokuwa nacho si unajua anavyofanya, njoo kesho, njoo keshokutwa, nipigie jioni, ndo maana kuanzia barua ya 12 hivi barua zako zimeanza kufanana, mwanamke anazunguka pale pale kwa maneno mazuri na fundi anauliza swali lile lile kwa hasira tofauti.

Hao wawili waliochoka usiwachukulie neno kwa neno. Mimi kazi yangu ni kuhariri na kupanga vitabu vya picha, na kitu kimoja nimejifunza, msomaji akisema amechoka mwamini, akikueleza sababu ya kuchoka msikilize tu kwa adabu. Hakuna anayechoka kusubiri kwenye hadithi ya mapenzi bwana, kusubiri ndo utamu wenyewe. Tunasema barua ni nusu ya kuonana, na riwaya ya barua inaishi kwenye ile nusu nyingine, ile ambayo haijafika. Kinachochosha ni kukaa mezani muda wote huo hujaletewa hata maji. Swali la "huyu ni nani" likisimama peke yake halilishi mtu, kwa sababu jibu lake ni jina tu, ama unalo ama huna. Lakini "amejuaje" lina hatua, unaweza kutoa robo leo na robo kesho, na "anataka nini kwangu" lina hatua nyingi zaidi tena linauma. Wewe umeweka mayai yote kwenye lile la kwanza.

Huyo wa nne aliyekutajia Griffin na Sabine wala usimkasirikie, kitabu hicho kina somo lako. Nick Bantock alikitoa mwaka 1991, viwili vya kukifuata vikaja 1992 na 1993. Griffin anaishi London, anachora postikadi, mpweke kweli kweli. Sabine anamwandikia kutoka visiwa vya Pasifiki ya Kusini ambavyo mwandishi amevibuni, anadai anaiona michoro yake wakati yeye anaichora, na anataja kitu kwenye mchoro ambacho Griffin hakuwahi kumwonyesha mtu. Sasa angalia ujanja ulipo. Kila msomaji akifika katikati anajiambia aah huyu Sabine hayupo, jamaa kamuumba kwa upweke wake. Na Griffin mwenyewe anakuja kulisema hilo, kwa maandishi, ndani ya kitabu cha kwanza, anataka kuachana naye kama mtu anavyoachana na ndoto. Halafu inakuja kadi nyingine. Yani jibu rahisi mwandishi hakulificha, kalitoa hadharani kisha kalivunja mbele ya macho yako, na ukishavunjiwa jibu ulilokuwa unalitegemea huwezi tena kuweka kitabu chini.

Wewe umefanya kinyume, umeyafukia majibu rahisi ukiomba msomaji asiyafikirie. Anayafikiria, usijidanganye. Kwa hiyo chukua karatasi uandike maelezo yote ya bei rahisi: kwamba ni mchumba wa zamani analipiza kisasi, kwamba fundi anajiandikia mwenyewe, kwamba ni jirani anachungulia dirishani. Halafu mpe fundi kazi ya kuyapima moja moja, yeye ni fundi, kupima ndo maisha yake. Ashuku jirani, atundike blanketi dirishani, asimwambie mtu. Kadi inayofuata iwe na mstari mmoja: "Blanketi litakuharibia macho, sogeza meza." Basi jirani kafa hapo, msomaji kapata chakula, na swali limekuwa kubwa kuliko lilivyokuwa. Ajipime na yeye pia, aandike maneno mawili kwa mkono wa kushoto alinganishe na mwandiko wa kwenye kadi, afunge kalamu zote kwenye droo ampe mtu mwingine ufunguo. Nilivyosoma muswada wako fundi hajafanya jaribio hata moja kwa barua 19, anapokea tu na kushangaa, na mtu anayeshangaa barua 19 mfululizo hata mimi ningemwacha.

Lakini kuna kitu sitakubembeleza, wewe mwandishi lazima ujue. Wasomaji unaweza kuwanyima jibu mpaka ukurasa wa mwisho na wengine watakupenda kwa hilo, ila wewe ukiwa hujui inaonekana, kwa sababu dalili unazomwaga hazielekei popote. Utata mzuri ni pale ambapo maelezo mawili yote yana ushahidi na yote yana tobo moja. Ukiwa na maelezo sifuri huo unakuwa ukungu tu.

Naomba nikupe wazo, ukilikataa sitanuna, hadithi ni yako. Mafundi saa wana desturi ya siku nyingi, fundi akimaliza kuhudumia saa anachora kwa sindano alama ndogo upande wa ndani wa mfuniko wa nyuma, herufi zake, tarehe, wakati mwingine namba ya kazi. Mwenye saa haioni maisha yake yote. Anaiona fundi mwingine atakayeifungua miaka kumi baadae, na saa kongwe inaweza kuwa na alama sita saba za mafundi tofauti zimepangana humo ndani kama majina kwenye ukuta wa jela. Sasa fundi wako ametengeneza saa ngapi? Na kama alama zake si tarehe tu, kama usiku wa upweke alikuwa anaongeza neno moja, mvua, au sijalala, au leo hakuna mtu, akijua hakuna atakayesoma? Halafu mahali fulani kuna mwanamke ambaye saa hizo zinapita mikononi mwake, na anafungua mifuniko.

Unaona kilichotokea hapo. Postikadi yake ya kwanza haikuwa barua ya kwanza, ilikuwa jibu, aliyeanza kuandika ni fundi. Hilo linaeleza nusu ya anachojua mwanamke. Blanketi halielezi, na nusu hiyo ibakie hivyo hivyo haina maelezo, usiiguse, hapo ndo pa kuweka tobo lako. Na hiyo hoja ya kufanana na Griffin na Sabine inapungua sana, kwa sababu njia yako ya kujuana imetoka kwenye ufundi wa mtu wako na haiwezi kuhamishiwa kwenye kitabu kingine chochote.

Tuje kwenye barua ya 7. Nainukuu kama ulivyoiandika: "Mpenzi wangu, kama unavyojua naishi peke yangu kwenye nyumba iliyotazama bahari, na kila usiku nakuona ukiwa mezani ukitengeneza saa, moyo wangu unajaa upendo usioelezeka. Siku moja utajua mimi ni nani."

Kama unavyojua. Sasa kama anajua anamwandikia ya nini? Hapo mwanamke haongei na fundi, wewe unaongea na msomaji kupitia mgongo wa mwanamke, na msomaji anasikia sauti yako. "Upendo usioelezeka" nao, dada, huyu ameshika kalamu, amenunua stempu, ameenda mpaka posta, halafu anatuambia haelezeki. Na hiyo siku moja utajua ni lile deni tena, njoo kesho. Barua ni kitendo, mtu haandiki barua kutoa taarifa ya moyo kama ya habari, anaandika kwa sababu kuna kitu anataka mwenzake afanye au asifanye, anaomba, anatega, anakanusha, anapima kama bado anapendwa. Kabla hujaandika yoyote jiulize siku hiyo alitaka nini, na jibu liwe dogo. Jaribu hivi:

"Ile ya kike yenye kioo kilichopasuka usiifunge bado. Skrubu ya tatu uliiacha legevu kwa sababu ulisikia mlango. Hakukuwa na mtu. Niandikie kabla ya Ijumaa kama ulirudi kuikaza, mwenyewe anasafiri nayo."

Neno upendo halimo hata mara moja, lakini mwanamke anayejua skrubu ya tatu na anayejua kwamba mlangoni hakukuwa na mtu, yani amekaa na upweke wa huyu mwanaume mpaka ameuzoea, unahitaji kuambiwa anapenda? Kisha fanya hivi, kadi hiyo imfikie fundi Jumatatu. Ijumaa imeshapita. Saa imeshaondoka.

Hapo ndo tunaingia kwenye kitu ambacho riwaya za kawaida hazina na wewe unacho bure kabisa na hujakitumia, muda wa njiani. Barua zako zote zinajibiwa kwa mpangilio, moja ya mwanaume moja ya mwanamke, kama watu wanacheza bao. Barua za kweli zinapishana. Fundi anaandika kwa hasira Jumanne, kumbe Jumatatu mwanamke alishaomba radhi na radhi iko njiani, kwa hiyo msomaji anasoma tusi huku anajua msamaha unakuja na hawezi kumshika mtu mkono. Tumia tarehe ya juu ya barua na tarehe ya muhuri wa posta, zikitofautiana siku 11 maana yake barua ilikaa siku 11 mfukoni kwa mtu, na hilo ni tukio zima umelisimulia bila sentensi hata moja. Na kunyamaza pia. Kuna kitabu kidogo kilitoka Paris mwaka 1669, barua za mtawa wa Kireno kwa afisa wa Kifaransa aliyemtelekeza, ni barua 5 tu na majibu ya mwanaume hayamo hata moja, na zilikuwa na moto kiasi kwamba kwa miaka mingi sana watu waliamini ni barua za kweli za mtawa wa kweli, siku hizi wataalamu wengi wanasema aliyeziandika ni mwanaume mmoja Mfaransa, Guilleragues. Barua 5 na ukimya. Wewe una 19 na hakuna hata mara moja mtu amenyimwa jibu. Nyang'anya mbili tatu hapo katikati.

(Na ueleze mapema kwa nini hawapigiani simu. Sentensi moja inatosha, ila ikikosekana itamwasha msomaji kitabu kizima.)

Sasa michoro. Huyo aliyesema ni mizuri ila anairuka kakupa maoni ya maana kuliko wenzake wote. Anairuka kwa sababu haimwambii kitu. Barua inasema nyumba inatazama bahari, mchoro ni nyumba na bahari. Barua inasema saa imevunjika, mchoro saa imevunjika. Ubongo wa msomaji ni mvivu kwa akili, ukimlisha kitu kimoja mara mbili, mara ya tatu haangalii. Fanya jaribio hili: funika maandishi kwa karatasi, tazama mchoro, je kuna jambo umejifunza ambalo mwandikaji wa barua hakutaka ulijue? Kama hakuna, huo ni urembo. Barua ya 11 mwanamke anasema anaishi peke yake. Sawa, upande wa picha chora meza yake, na juu ya meza vikombe viwili, kimoja bado kinatoa mvuke. Usikitaje popote. Acha msomaji akigundue mwenyewe saa tano usiku arudi kurasa nyuma.

Kuna kosa jingine kubwa zaidi ambalo hao wasomaji wako hawakulitaja. Michoro yote umechora wewe. Naelewa unacheka, lakini kwenye kitabu cha aina hii anayechora ni mhusika, kadi imechorwa na mtu aliyeituma, mkono ni wa kwake. Bantock hakuwafanya watu wake wachoraji kwa bahati, Griffin anachora kadi, Sabine anachora stempu, kwa hiyo kila picha ina sababu ya kuwepo. Fundi wako anachora kwa nini, na anachoraje? Mimi nadhani mtu wa gurudumu za milimita mbili anachora kwa kalamu ngumu, mistari myembamba, rula, vipimo pembeni, rangi hana kabisa. Rangi za maji zako mpe mwanamke peke yake. Halafu, na hapa ndo raha ilipo, fundi anavyozidi kupenda mkono wake ubadilike, barua ya 14 kwenye mchoro wake wa springi kuna tone moja la bluu, la kwake mwanamke, sijui kalipata wapi. Msomaji ataliona hilo tone kuliko maneno ya nakupenda ya kurasa nzima.

Mwandiko nao ni mchoro. Miwili inayotofautiana kwa mbali, sio kwamba mmoja umelala mwingine umesimama tu, ila uwe unasomeka, mpe mtu asiyejua hadithi asome ukurasa mzima kwa sauti, akikwama mara tatu rudia. Mwandiko wa madoido unapendeza ukurasa mmoja, ukurasa wa 90 unakuwa adhabu. Na stempu buni zako mwenyewe, usibandike za kweli, stempu za kweli nazo ni kazi za wachoraji na zina wenyewe.

Bahasha. Najua ndo ndoto yako na sitaki kuiua, nataka kuipunguza tu. Kitabu hakichapwi ukurasa mmoja mmoja, kinachapwa kwenye karatasi kubwa inayokunjwa ikatoa kurasa 16, wakati mwingine 8 au 32, vifungu hivyo ndo vinashonwa pamoja. Yote hayo mashine inafanya. Bahasha zenye barua ndani kwa kawaida zinabandikwa na mikono ya watu, na kila barua inakunjwa na kuchomekwa na mikono ya watu. Bahasha 19 kwa nakala 1,000 ni kubandika mara 19,000, na kila moja ina nafasi ya kukosewa, barua ya 6 ikaingia kwenye bahasha ya 16 na siri yako yote imevuja. Halafu kitabu kinavimba. Zamani nilipanga kitabu chenye vibahasha, vyote nikaviweka upande wa nje wa ukurasa kwa sababu nilipenda vinavyoonekana, kikarudi kimefunua mdomo kama samaki, hakifungiki hata ukikikalia, na kosa lilikuwa langu mwenyewe wala sio la mchapaji. Mtengeneza vitabu anayejua kazi anashona vipande vyembamba vya karatasi kwenye mgongo ili unene wa mgongo ulingane na unene wa vilivyobandikwa, lakini lazima umwambie kabla. Gundi ya maji kwenye karatasi nyembamba inakunja ukurasa, na nyuzi za karatasi zisipoelekea sambamba na mgongo kitabu kinapinda chenyewe.

Kwa hiyo jiulize bahasha inafanya kazi gani. Msomaji akitoa barua kwenye bahasha kwa vidole vyake anapata hisia moja ambayo maandishi hayawezi kuitoa, anajiona mwizi, anasoma barua ya watu. Hisia hiyo ina nguvu mara ya kwanza, ya pili na labda ya tatu. Ya 19 anakuwa mfanyakazi wa posta. Mimi ningeacha tatu, kwenye barua ambazo kitendo chenyewe cha kufungua kina aibu au hofu. Zingine ziwe postikadi, na postikadi kitabuni ni zawadi, picha unaiweka ukurasa wa kulia, maandishi nyuma yake pale pale, msomaji akifunua ukurasa ni kama amegeuza kadi mkononi, haikugharimu kitu. Barua ndefu chora bahasha yake kushoto imeshafunguliwa, barua imetandazwa kulia na mikunjo yake.

Kuhusu kuskani, skani kwa dpi 300, yani nukta 300 kwa kila inchi, kwa ukubwa utakaochapwa, kama utakuza mchoro mara mbili basi skani kwa 600. Na ujiandae kisaikolojia, rangi nyepesi sana za maji zinapotea kwenye skana na zile zinazong'aa zinafifia zikichapwa kwa wino nne za kawaida. Chapa ukurasa mmoja wa majaribio kabla hujachora 40.

Kuhusu kuigiza nimeshagusa, nimalizie. Umbo la riwaya ya barua halina mwenyewe, na hata kuweka vitu halisi ndani ya kitabu ni jambo la zamani, mwaka 1936 mwandishi Dennis Wheatley alitoa Uingereza hadithi ya upelelezi ambayo ndani yake kulikuwa na telegramu, nywele na kijiti cha kiberiti kilichoungua, msomaji ndo apeleleze. Sheria ya hakimiliki hailindi wazo, inalinda namna lilivyoelezwa, maneno, michoro, wahusika walivyojengwa. Kaa mbali na mchora postikadi, visiwa vya mbali, na mwanamke anayeona mtu anachora. Hivyo vya fundi saa ni vyako.

Ulichoona aibu kukisema ndicho ningependa ukichukulie kwa uzito kuliko vyote. Barua uliyotumiwa, karatasi ni yako, unaweza kuitunza au kuichoma. Maneno mara nyingi kisheria ni ya aliyeandika, au ya warithi wake kama hayupo. Watu wengi hawalijui hili wanadhani nimepewa basi ni changu. Mwandishi wa Kimarekani J. D. Salinger aliwahi kumzuia mwandishi wa wasifu wake kutumia barua zake ambazo hazijachapishwa, mahakama ya rufaa ya Marekani ilimpa haki mwaka 1987, na barua zenyewe zilikuwa zimewekwa kwenye maktaba za vyuo, watafiti walikuwa wanaruhusiwa kuzisoma. Kwa hiyo una njia tatu. Uombe ruhusa kwa maandishi, na hiyo inamaanisha kumtafuta mtu ambaye pengine hukutaka kumtafuta. Au uyatoe kabisa. Au uchukue kile barua ile ilikufanyia mwilini, ulivyoisoma umesimama, ulivyoikunja, uliificha wapi, uandike hicho, manake hicho ni chako asilimia mia. Kubadilisha maneno mawili matatu usiite njia ya nne. Nikwambie ukweli mwingine, niliyatambua. Barua ya 9 na ya 13 zina mistari yenye pumzi tofauti na yako, na hazifanani na huyo mwanamke hata kidogo, huyo ni mtu mwingine kaingia kwenye hadithi yako bila kubisha hodi. Kama ukitaka kuyabakiza, kabla hujampa mchapaji kaa na mwanasheria wa hakimiliki wa nchi yako ana kwa ana umwonyeshe karatasi zenyewe, mambo haya yanatofautiana nchi na nchi na mimi siwezi kukuhukumia kutoka hapa. Na kama kuzitoa hizo barua sandukuni kumekufungulia kidonda, na ndo sababu halisi umekwama, basi ongea na mtu unayemwamini au mshauri, riwaya itasubiri.

Mtu mwingine wa kumwona uso kwa uso ni mtengeneza vitabu. Usimtumie faili. Tengeneza kitabu cha mfano, karatasi za kawaida tu, kunja kwa vifungu vya kurasa 16, andika kwa penseli barua gani iko wapi, bandika bahasha zako tatu, mpelekee akishike. Atakwambia ndani ya dakika tano kitafungika au hakifungiki. Ufanye hivyo sasa, kabla ya kuchora zaidi, maana ukishajua kurasa ziko ngapi utajua pia una barua ngapi zimebaki, na nina wasiwasi ni chache kuliko unavyodhani.

Barua ya 19 kama ilivyo sasa hivi ni mwanamke analalamika kurasa tatu. Itoe. Weka kwenye bahasha ya pili kati ya zile tatu, na ndani kusiwe na barua. Kuwe na mchoro wa mfuniko wa saa upande wa ndani, umechorwa kwa rangi za maji, alama zake zote za miaka yote, mvua, sijalala, leo hakuna mtu, na chini ya ya mwisho alama moja kwa mwandiko ambao si wake. Kisha barua ya 20 ni ya fundi, na sasa ana cha kuuliza.